BSc Nursing Tanzania, mwongozo kamili: kuomba chuo, bumu, madesa, wodini mpaka leseni

Binti wa shangazi yangu kamaliza fomu siksi PCB, kapata C ya kemia, C ya baiolojia na D ya fizikia, akanitumia voisi noti ya dakika nne ambayo kwa ufupi inasema dada nataka kusoma unesi digrii nianzie wapi na je ni kweli mnasoma kama madaktari. Nikaanza kumjibu kwa voisi nikaona naongea nusu saa, bora niandike yote hapa na wengine mnaoniuliza inboksi mpate humu humu.

Swali la pili nalijibu kwanza ili tulimalize. Miaka ni minne darasani na wodini, alafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani ile intani. Mwaka wa kwanza mtasoma anatomia, fiziolojia, biokemia na mikrobiolojia, na vyuo vingine mnachanganywa ukumbi mmoja na watu wa MD, yaani wanaosomea udaktari, kwa hiyo ndio, moto utauona. Ila kuanzia mwaka wa pili njia zinaachana, maana daktari anasomea ugonjwa na wewe unasomea mtu anayeumwa masaa yote 24. Usipolielewa hilo mapema utahangaika miaka minne unakariri vitu ambavyo mgonjwa aliyelala mita mbili kutoka kwako angekufundisha kwa dakika kumi. Maneno yangu yote hapa yanazunguka hapo hapo: soma kupitia mgonjwa.

Hatua ya 1: Angalia kama unaingia

Vyuo vingi vinataka prinsipo tatu, kemia, baiolojia na la tatu fizikia au hesabu ya advansi au nutrisheni, jumla isipungue pointi 6. Kwa kawaida kemia wanataka kuanzia C, baiolojia D, na lile la tatu hata E. Hesabu ni A=5, B=4, C=3, D=2, E=1, kwa hiyo C na D na E inakupa 6 kamili. Binti wetu ana 3+3+2 = 8, anaingia. Ila kuingia kwenye vigezo na kuchaguliwa ni vitu viwili tofauti, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pale wanaomba watu wenye pointi nyingi kuliko zake na nafasi ni chache, kwa hiyo asiweke mayai yote pale. Wa CBG (kemia, baiolojia, jiografia) usikate tamaa wala usijiamini, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huo huo unaoomba, soma mstari wa chuo husika, maana vigezo vinatofautiana chuo kwa chuo na vinabadilika. Usitumie pdf ya mwaka juzi uliyotumiwa kwenye grupu.

Kama wewe una diploma ya unesi tayari, mlango wako ni ule wa sifa linganishi, wanaangalia GPA kuanzia 3.0 au wastani wa B, na wanarudi nyuma mpaka cheti chako cha fomu foo kuona D za hesabu, fizikia, kemia, baiolojia na kingereza. Hapa ndio watu wazima wanalia, mtu kafanya kazi miaka nane, ana mikono ya dhahabu, anakwamishwa na F ya fizikia. Kama ndio wewe, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea sasa hivi, usisubiri mwaka wa kuomba. Na omba namba yako ya AVN, ile ya kuhakiki diploma yako, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, mapema, bila hiyo mfumo haukutambui. Aga Khan pale Dar wamejikita muda mrefu kwenye kuendeleza manesi walioko kazini, kwa hiyo mtu wa diploma anayetaka kusoma huku anafanya kazi aangalie huko pia, ila ada aijue kwanza.

Hatua ya 2: Kuchagua chuo

Swali la maana kuliko jina la chuo ni hospitali ipi utafundishwa. MUHAS una Muhimbili pembeni, na ndani ya mji huo huo kuna MOI ya mifupa na Ocean Road ya saratani. Moshi una KCMC, Mwanza una Bugando, hizi ni hospitali za rufaa za kanda, wagonjwa wanatoka mikoa mizima. Kuna UDOM Dodoma na Kairuki Dar. Mimi kwa maoni yangu hospitali kubwa sana ina hasara yake moja, wanafunzi mnakuwa wengi kitanda kimoja, kuna wa MD, wa diploma, wa digrii, na marizidenti, madaktari wanaosomea ubingwa, juu yao, unaweza kumaliza wiki nne leba, yaani wodi ya kujifungulia, hujashika mtoto hata mmoja. Hospitali ya mkoa au wilaya unashika mpaka unachoka. Kwa hiyo popote utakapopangiwa, kwenye zile rotesheni za vijijini na wilayani usizikimbie, watu wanazidharau na ndiko mkono unakofunguka.

Kuomba, tangu 2017 unaomba moja kwa moja kwenye chuo, kila chuo na mfumo wake na ada yake ya maombi. Omba vyuo vitatu au vinne vya uzito tofauti. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha, na lazima uthibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa. Kuna mtu namjua alikuwa kijijini simu haina chaji siku tatu, nafasi ikapita hivi hivi. Weka namba ya simu ambayo iko mkononi mwako, sio ya jamaa wa stesheneri aliyekujazia fomu.

Hatua ya 3: Mkopo, anza hata kabla ya matokeo

Bodi ya Mikopo unaomba kwenye mfumo wao wa OLAMS, na kozi za afya zimekuwa zikipewa kipaumbele, ila kipaumbele hakiokoi fomu iliyojazwa vibaya. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wa Zanzibar wana wakala wao, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Unaprinti fomu, inasainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa, na wakili au hakimu, unaskani unapandisha. Kosa kubwa nililoona ni majina, cheti cha kuzaliwa Rehema, cha fomu foo Rehema J., na namba ya mtihani uliyoombea mkopo sio ile uliyoombea chuo. Tumia namba ile ile ya fomu foo kote kote. Majina yakigombana nenda kwa wakili mapema mrekebishe kwa kiapo au didi poli, ile hati ya kubadili jina.

Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, mdogo wangu, kumbuka linachelewa. Semista ya kwanza hasa. Nenda na hela ya kula ya mwezi mzima hata kama ni ya mahindi ya kukaanga.

Hatua ya 4: Vitu vya kununua

Saa yenye mkono wa sekunde, hiyo ni kabla ya kila kitu, hata ya bei rahisi ya kubandika kifuani. Stethoskopu ya kawaida inatosha miaka miwili ya kwanza, zile za bei kali zinaibiwa. Mashine ya presha ya kupampu kwa mkono, maana ya betri itakufanya uwe nesi asiyejua kupima presha. Viatu vilivyofungwa mbele vyenye soli laini, na hapa usibane hela, masaa nane ya kusimama yatakwambia. Kadaftari kadogo ka mfukoni. Kalamu nyekundu na bluu. Basi.

Na chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Anza mwaka wa kwanza ili ukiingia wodini umeshajikinga. Vyuo vingine vinasimamia, vingine mpaka ujikumbushe mwenyewe.

Hatua ya 5: Mwaka wa kwanza usidisko, yaani usifukuzwe kwa kufeli

Biokemia na fiziolojia ndizo zinazotoa watu sapu, yaani kurudia mtihani. Madesa, zile notisi za kurithishana, yanazunguka, kila mtu ana desa la kaka wa mwaka wa tatu, na ukilisoma hilo tu utajibu maswali ya mwaka ule wa kaka. Mimi nilichofanya baada ya kupata sapu ya fiziolojia (ndio nilipata, sioni aibu) ni kuacha kusoma figo kama sura ya kitabu, nikamfuata bibi mmoja aliyekuwa anasafishwa damu, nikamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku, kwa nini wamemkataza ndizi na parachichi, kwa nini miguu imevimba. Jioni nikarudi kitabuni, potasiamu, ile iliyoko kwenye ndizi na ambayo figo zake zilishindwa kuitoa, ikawa ni yule bibi na ndizi zake. Sijaisahau mpaka leo.

Kitu kingine ni lugha. Darasani kingereza, wodini Kiswahili, na ukiwa Mwanza mzee anaweza kukujibu Kisukuma kitupu. Tengeneza orodha yako ya maneno ya wagonjwa kwenye kale kadaftari. Mtu akisema moyo unanienda mbio, kichomi, tumbo linaninyonga, nahema juu juu, ganzi, mwili unawaka, ujue kila moja unaliandikaje kwenye faili. Hakuna mwalimu atakayekufundisha hiyo na mtihani wa vitendo unaanzia hapo.

Hatua ya 6: Hesabu za dawa

Wengi wanazikimbia na ndizo zinazoua. Fomula ni moja, unachotaka gawanya kwa ulichonacho zidisha ujazo. Mtoto kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, 12×15 = 180. Sirapu iliyopo ni miligramu 120 kwenye mili 5. Basi 180÷120×5 = mili 7.5. Kabla hujampa jiulize swali la kijinga, je jibu linaingia akilini? Ukipata mili 75 ujue umekosea nukta, hakuna mtoto anakunywa karibu chupa nzima.

Dripu, lita moja iende masaa 8, mpira wake umeandikwa matone 20 kwa mili. 1000×20 ni 20,000, gawanya kwa dakika 480, inakuja 41.67, unaweka matone 42 kwa dakika. Soma pakiti kila mara maana kuna mipira ya matone 15 na ile ya watoto ni 60. Alafu usiweke ukaondoka. Mgonjwa akikunja mkono linasimama, ndugu anakuja analifungua lote kwa huruma "naona halishuki nesi", ukirudi lita imeisha kwa nusu saa kwa mzee wa moyo. Rudi baada ya dakika 15, hesabu tena, gusa mkono kuangalia kama umevimba pale kwenye kanula.

Fanya hesabu tano kila siku kwa mwezi mmoja, za wagonjwa wa kweli uliowaona siku hiyo. Utashangaa.

Hatua ya 7: Wodini

Fika dakika 15 kabla ya zamu. Salimia, jitambulishe kwa sista inchaji na kwa wahudumu wa usafi pia, hao ndio wanajua kila kitu kiko wapi. Sikiliza makabidhiano ukiwa umesimama karibu na kitanda, sio mezani. Chagua mgonjwa mmoja tu kwa siku ambaye utamjua mpaka basi, wengine utawahudumia lakini huyu mmoja soma faili lake kuanzia karatasi ya kwanza, dawa zake zote, kwa nini kila moja, vipimo, na usiku uende ukasome ugonjwa wake. Wiki tano unakuwa na wagonjwa 25 kichwani na hao ndio watakaokujibia mtihani.

Sasa nikusimulie kilichonifunza. Mwaka wa tatu niko wodi ya wazazi, hospitali sitaitaja, tuna mama wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi inapunguza pumzi. Kazi yangu ilikuwa kupima vaito sini, yaani presha, mapigo, joto na pumzi, kila saa. Chati ya usiku ule pumzi zilikuwa 20, 20, 20, 20. Na mimi nikaangalia sekunde chache, nikaona anahema, nikaandika 20. Sista wa zamu, mama mtu mzima anakaribia kustaafu, akaja akachukua chati akaniuliza "hii umehesabu?" Nikasema ndio. Hakunijibu, akakaa kwenye stuli, akaweka mkono juu ya tumbo la yule mama, saa yake mkononi, dakika nzima kamili, kimya. Zikawa 12. Akagonga goti, mguu haukuruka. Dozi iliyokuwa inafuata ikasimamishwa pale pale, daktari akaitwa, kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu iliyozidi, ikatolewa. Yule mama aliamka na mtoto wake yuko salama. Mimi sikulala siku mbili.

Kwa hiyo pumzi hesabu dakika nzima, kila mara, kwa kila mtu. Na kwa mama wa magnesiamu kabla ya kila dozi kuna mambo matatu, pumzi zisipungue 16, goti liruke, mkojo usipungue mili 30 kwa saa. Kimoja kikikosa usichome, ita mtu. Hilo darasani nilikuwa nimelijibu na nikapata maksi zote, ndio maana nasema kujua kwa karatasi na kujua ni vitu viwili.

Sindano ikikuchoma usifiche kwa aibu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwambie inchaji saa hiyo hiyo, mgonjwa apimwe na wewe upimwe, PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ianze mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 72, unameza siku 28. Na usirudishe kifuniko cha sindano, ikitoka mwilini inaenda kwenye boksi.

Kwa wanaume mlioko humu, mtaitwa daktari na wagonjwa siku nzima. Sahihisha kwa upole, "mimi ni nesi mama". Leba wengine watakukataa, mwachie mwenzio wa kike, heshimu, wapo wengi watakaokukubali na unazihitaji hizo prosija, yaani kazi za vitendo, zisainiwe kwenye kitabu chako.

Hatua ya 8: Kea plani ziache kuwa mapambo

Kila mwalimu anataka kea plani, ule mpango wa kumhudumia mgonjwa, na kila mwanafunzi anakopi. Ukimuona mtu kaandika lengo "mgonjwa atapata nafuu" ujue kakopi. Chukua mzee wa moyo, miguu imevimba, analala amekaa. Tatizo, maji yamezidi mwilini. Lengo liwe kitu cha kupimika, kwa mfano ndani ya siku 2 uzito ushuke kilo 2 na aweze kulalia mito miwili badala ya minne. Unachofanya, kumpima uzito kila asubuhi kabla ya chai na mzani ule ule, kuandika anachokunywa na anachokojoa, kuinua kichwa cha kitanda, kuangalia makalio kama ngozi inachubuka. Kilo moja ni kama lita moja ya maji, kwa hiyo mzani unakwambia ukweli kuliko mtu yeyote pale wodini. Kesho yake unarudi kuona kama imefanya kazi, na hapo kwenye kurudi ndipo wengi wanaacha patupu.

Hatua ya 9: Mitihani ya vitendo

OSCE, ule mtihani wa vitendo, ni vituo, kengele inalia unaingia, una dakika chache. Maksi za bure zipo tatu: kunawa mikono, kujitambulisha, kuomba ridhaa. Watu wanazikosa kwa kukimbilia prosija. Fanya mazoezi kwa sauti na mwenzio, mmoja mgonjwa mmoja nesi wa tatu anashika orodha, chumba cha hosteli kinatosha, mto ndio mgonjwa. Na vyuo vingi ukifeli klinikali hata kama nadharia una A huvuki, kwa hiyo kitabu cha prosija kisainiwe siku ile ile, sio wiki ya mwisho unamkimbiza sista kwenye kantini. Risachi ya mwaka wa nne chagua mada ndogo ya wodi unayoijua, kibali cha maadili kinachukua muda kuliko unavyodhani.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Unamaliza, kuna utarajali wa mwaka mmoja kwenye hospitali unayopangiwa, una posho, na kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ambao bila kuufaulu hupati leseni. Leseni inahuishwa na inataka pointi za kujiendeleza kwa hiyo vyeti vya semina usivitupe. Serikalini unaingia kama Afisa Muuguzi daraja la pili, mwenye diploma anaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi. Ajira hazitoki kila siku, nisikudanganye, wapo wanaokaa nyumbani mwaka na zaidi, wengine wanaanzia hospitali binafsi au za mashirika ya dini huku wanasubiri tangazo.

Wanaotaka kutoka nje, Marekani kuna mtihani wa leseni wa NCLEX, Uingereza kuna mtihani wa kompyuta alafu wa vitendo, nchi za Ghuba wengi wanapitia mtihani wa Prometric, na huko Ulaya na Marekani kingereza kinapimwa. Wote hao watakuuliza transkripti inayoonyesha masaa ya nadharia na masaa ya wodini kwa kila somo, na chuo kikibadilisha msajili au mfumo kuzipata ni shughuli. Kwa hiyo kabla hujarudisha funguo za hosteli, skani kile kitabu cha prosija ukurasa kwa ukurasa, omba mtaala wa kozi yako wenye muhuri, vitume kwenye imeili yako mwenyewe. Mimi changu kililoa kwenye begi ndani ya daladala mwezi wa nne, sahihi za leba zote zikawa wino wa bluu umesambaa.